Upande wa Hayley

Lionel Barraclough alikuwa na bucha chini kidogo ya kanisa la Thornshaw, mji wetu wa mawe meusi katika mabonde ya Yorkshire, na watu walishuka kutoka vijiji vya mlimani kufuata pai zake za nguruwe. Dukani hakuwa na mchezo. Kisu kilikata, mizani ilisema kweli, na mteja aliyekuja mlango ukishafungwa alirudi na kikapu kitupu hata angekuwa kasisi. Lakini nyumbani kwake, mama yangu wee, Lionel alikuwa mtu wa kuanza mambo. Alianza bwawa la samaki nyuma ya nyumba, likaishia kuwa shimo la tope ambamo paka wa jirani walikuwa wakiogeshana. Alianza kabati la nguo la binti yake Hayley, likasimama bila milango tangu mtoto yuko shule ya msingi hadi alipohama nyumba akiwa mwalimu mtu mzima. Mkewe Glenda alizoea kuwaambia wageni, "Hilo si kabati. Hiyo ni ahadi."

Kwa hiyo siku lori liliposhusha maboksi mbele ya gereji yake, mtaa mzima ulisimama madirishani ukicheka. Lionel alikuwa amenunua gari la kujiundia: chesisi ya mabomba, mabati ya alumini, nyaya zilizofungwa kama tambi, na injini iliyotolewa katika gari la familia lililogongwa nyuma. Vipande vile vikishaungwa ndipo vingekuwa gari la michezo la viti viwili, pua ndefu, bila paa wala milango, chini kiasi kwamba aliyekaa ndani anaweza kunyoosha mkono akagusa lami. Hayley wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuja na glasi yake ya maziwa, akayazunguka maboksi yote.

"Baba, na hili nalo litaisha?"

"Litaisha. Na siku utakayoolewa, nitakupeleka kanisani nalo."

"Apa."

"Naapa kwa bucha."

Mtoto hasahau. Miaka ikapita, Lionel akiunga na kuungua, akinunua kitu kimoja leo na kingine baada ya Krismasi, akifungua alichokifunga mwaka juzi kwa sababu kimekaa upande. Hayley akasoma, akaajiriwa, akachumbiwa na kijana mmoja mpole aitwaye Callum Pickersgill. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita. Siku aliyokuja kutoa habari, kabla hata mama yake hajamaliza kumbusu, alimgeukia baba yake akasema neno moja tu.

"Gari?"

Gari lilikuwepo. Limesimama gerejini, jekundu kama ini bichi, limekamilika kila kitu ila ruhusa ya kukanyaga barabara. Lionel alijibu, "Lipo," na habari za ruhusa hakuzitaja.

Tatizo ni kwamba mama yake Callum, Bi Pickersgill, mwanamke mwema na mwenye mpango, alikuwa tayari amekodi gari refu jeupe lenye riboni na dereva wa kofia. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwamba ni la akiba tu, endapo mambo ya Bwana Barraclough yatakuwa kama kawaida yake. Glenda alimfikishia mumewe maneno hayo dukani, neno kwa neno, kama yalivyo. Siku hiyo waliokuja kununua mbavu za kondoo waliuziwa zilizokatwa kwa hasira.

"Kama kawaida yangu," akasema Lionel. "Umesikia? Kama kawaida yangu."

"Nimesikia, mimi ndiye niliyekuletea."

"Nitampeleka mwanangu kanisani kwa gari langu, au nisiitwe Barraclough."

"Basi fanya ukaguzi, mpenzi wangu," Glenda akasema. "Jina utalibadilisha baadaye."

Kwetu, gari ulilolijenga mwenyewe halitii tairi barabarani mpaka mkaguzi wa serikali aliridhie. Anatazama breki, taa, moshi, kelele, mikanda. Na juu ya yote anatazama makali: hataki kuona ncha ya bolti wala ukingo wa bati unaoweza kumchana mpita njia au aliyekaa ndani. Sasa magari haya, uzuri wake wote ni chuma kitupu na nati zinazong'aa. Ndipo wajenzi wa bonde letu, ambao wana chama chao na hukutana kila mwezi katika uwanja wa baa ya Kondoo Mweusi, wakatunga dawa. Wana sanduku. Ndani ya sanduku mna mikanda ya mpira ya kuvisha kila ukingo, kofia za plastiki za kufunika kila nati, na vioo viwili vya pembeni vikubwa kama masikio ya punda. Mwenye zamu ya kukaguliwa huazima sanduku, hulivisha gari, na akifaulu hulivua jioni ileile akarudisha. Kutembea na gari likiwa bado limevaa vitu vile ni kama kwenda harusini na rola za nywele kichwani. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Sanduku hukaa chini ya meza ya kazi ya Norris Clegg, mwenyekiti wa chama, dereva wa treni mstaafu, mwenye gari la manjano na ulimi wa pilipili. Norris alikuwa wa kwanza kumuuliza Lionel atakuja lini kulichukua.

"Sanduku la nini?" Lionel akasema mbele ya chama kizima, bia mkononi. "Mimi nimepiga tupa kila ukingo wa gari lile kwa mkono huu. Mtu ameishi na visu maisha yake yote, mtamfundisha habari za makali?"

"Sawa, bwana wangu," akajibu Norris kwa upole uliowafanya wengine wainamie glasi zao. "Mimi nitaliacha palepale. Siku ukilihitaji, hapa unapajua."

Mwezi wa tatu Lionel alilipakia gari kwenye tela la kuazima, akalipeleka kituo cha ukaguzi huku mvua ya rasharasha ikinyesha. Mkaguzi alikuwa mama mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alilizunguka gari, akalipima breki, akasikiliza injini, akaliendesha polepole uwanjani na kuachia usukani kuona kama utarudi wenyewe. Ukarudi. Kila alipotia alama ya kukubali, kifua cha Lionel kilipanda kidogo. Kisha yule mama akavua glavu ya mkono wa kulia, akaanza kulipapasa gari kwa kiganja kitupu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kila alipofika mahali alisimama, akabandika kijikaratasi cha njano. Alipomaliza, gari jekundu lilikuwa na madoa kama mgonjwa wa tetekuwanga.

"Bwana Barraclough, kazi yako ni safi," alisema. "Breki kama hizi sijaziona mwaka huu. Lakini gari lako linang'ata."

"Linang'ata wapi?"

"Kila mahali."

"Mama, kingo zote hizo nimezipiga tupa mwenyewe."

"Naona. Umezipiga vizuri mno." Akauchukua mkono wa Lionel akauweka kwenye ukingo wa ubavu, pale anapopandia abiria. "Unafanya kazi gani, bwana?"

Lionel alipitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kama alivyokuwa akipima visu vyake kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Miaka yote ile mkono wake ulikuwa umefanya kile ulichokijua. Kila bati alilolishika alikuwa amelinoa.

Glenda alimwona akiingia akajua. Akampa chai na andazi lenye zabibu kavu. Kukaguliwa tena kulipatikana mwezi wa tano, na kutoka hapo ndipo usajili wa gari uombwe na namba itolewe. Muda ulikuwa umebana kama kiatu kipya. Lionel alikunywa chai, akavaa koti.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kwa Clegg."

"Oo," akasema Glenda, akageukia sinki ili asionekane anacheka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Norris Clegg alihakikisha msemo huo unatimizwa herufi kwa herufi. Alimkaribisha Lionel kwenye kibanda chake, akamwonyesha meza, akajishika kiuno.

"Lipo huko chini, nyuma kabisa. Ningekutolea, ila mgongo wangu, wajua tena."

Bonde zima lilijua kwamba Jumapili iliyopita mgongo huo ulipanda mlima na kushuka. Lionel alipiga magoti kwenye vumbi la chuma, akajivuta chini ya meza mpaka miguu tu ndiyo iliyobaki nje, akarudi na sanduku kifuani na utando wa buibui kwenye nyusi.

"Haya, sema," akamwambia Norris. "Sema yaishe."

"Mimi? Sina neno." Norris akamfuta buibui usoni kwa kitambaa chake. "Ila ningependa kujua kama nyama yako nayo huwa unainoa."

Mwezi wa tano gari lilirudi kwa mkaguzi limevaa mipira kila mahali, kofia nyeusi juu ya kila nati, masikio ya punda kulia na kushoto. Lionel alisimama kando akiona haya kama mzazi aliyemleta mtoto shuleni na shati la dada yake. Yule mama akavua glavu tena. Kiganja chake kikapita boneti, kikapita ubavu, kikaingia ndani, kikatoka. Hakubandika kitu.

"Sasa halimng'ati mtu," alisema, akatia sahihi.

Lionel aliendesha lori la bucha, tela nyuma, kurudi nyumbani akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Kabla ya jua kuzama alikuwa amelivua gari vazi lote lile, amelisugua mpaka akaona uso wake kwenye chuma, na amerudisha sanduku pamoja na pai sita kama fidia ya maneno ya baa. Namba ilipokuja, katikati ya mwezi wa sita, aliifunga kwa mkono wake, akamwita Glenda.

"Vaa kitambaa kichwani."

Walipandisha barabara ya mlimani, ile inayopita kati ya kuta za mawe na kondoo wasio na adabu. Injini iliguna, kisha ikaimba. Upepo ulikuja mzima mzima, harufu ya majani mabichi na mbolea ikiwapiga puani, na lami ikapita chini ya viwiko vyao karibu kabisa. Penye kona Lionel alikata usukani, na gari likafuata mkono wake kabla hajamaliza kufikiri. Kila kilichotetemeka alikijua kwa jina. Bolti ile aliikaza siku mama yake alipozikwa kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Waya ule aliufunga Hayley akiwa amemshikia tochi na kulalamika baridi. Furaha ilimjaa mpaka ikamtoka machoni, na hakujali kama ni upepo au siyo.

"Lionel, tutakufa!" Glenda alipaza sauti.

"Tutakufa tunakwenda!"

Juu kabisa alisimamisha gari. Thornshaw ilikuwa chini yao, ndogo, na moshi wake. Glenda alifungua kitambaa, akamtazama mumewe muda mrefu.

"Umemaliza kitu," alisema. "Umemaliza kitu kizima, bwana weye."

Basi hapo ingekuwa vyema kukunja jamvi, lakini harusi haijafika. Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Hayley alikuja kujaribu jinsi atakavyopanda. Nguo yenyewe, ya lesi, ilining'inia chumbani juu na hakuna aliyeruhusiwa hata kuipumulia. Glenda alichukua pazia kuukuu la wavu, akamzungushia binti yake kiunoni kwa pini, refu na pana kama nguo yenyewe. Gari halina mlango. Unapanda kwa kuinua mguu juu ya ubavu na kujishusha kitini. Hayley alishika mkono wa baba yake, akainua mguu, akashuka vizuri. Ila pazia halikushuka naye. Lilikamatwa na nati ya kishikio cha mkanda, likapita kwenye ukingo wa ubavu, na wote watatu wakalisikia likichanika kutoka juu mpaka chini.

Hayley alitazama pazia, akatazama nati inayong'aa, akafikiria ile nguo iliyoko chumbani juu.

"Baba, si neno," alisema, na alisema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwa kabati, tangu utotoni, sauti ya mtoto aliyezoea. "Mimi nitakwenda na lile jeupe. Wewe njoo nyuma na lako. Si litakuwepo? Watu wote wataliona."

Kisu gani kingemkata Lionel kama sauti ile? Angekuwa amekasirikiwa angepona. Alilitazama gari lake, zuri, tupu, kila ukingo ukimeremeta, akaona kwamba alilolimaliza ni gari, na ahadi bado haijaisha. Alivaa koti.

"Usimpigie simu mtu yeyote," alimwambia binti yake. "Hata Bi Pickersgill."

Norris Clegg alikuwa kibandani akinywa chai. Alimsikiliza Lionel mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Lile sanduku ni la ukaguzi, Lionel."

"Najua."

"Jumamosi chama kizima kitakuwa barabarani. Tumepanga magari kuanzia bucha mpaka kanisani, tulitaka kukushtua. Wajenzi wa bonde la Halmfield nao wanakuja. Hata wale wa Skelby, ambao hawakupendi. Watakuona na masikio ya punda siku ya harusi ya mwanao."

"Masikio sihitaji. Nahitaji mipira na kofia."

"Watakucheka mpaka ufe."

"Wacheke. Lakini lesi ya mwanangu haitachanika kwa ajili ya kung'arisha nati zangu."

Norris aliweka kikombe chini. Kisha, bila kujishika kiuno wala kutaja mgongo, akapiga magoti mwenyewe, akaingia chini ya meza mpaka miguu tu ndiyo ikabaki nje. Alitoka na sanduku, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Kofia za nati ndogo zinachomoka," alisema. "Nitakuja kukushikia gundi."

Jumamosi jua lilitoka, jambo ambalo kwetu halina mdhamini. Lionel alikuwa kwenye suti ya kijivu, ua kifuani. Hayley alitoka mlangoni na nguo yake, akashika mkono wa baba yake, akainua mguu. Lesi ilipita juu ya ubavu, ikapita juu ya kishikio cha mkanda, ikateleza juu ya mpira mweusi, ikashuka yote ikamzunguka kitini kama povu la sabuni. Glenda aliitengeneza, akaipapasa huku na huku akitafuta tundu, hakuliona. Lionel aliwasha injini.

Walikuwa wamepangana barabara nzima, magari ya bonde letu na ya mabonde ya jirani, ya manjano, ya kijani, ya fedha, yote yamevuliwa na kung'arishwa. Walipoliona jekundu likija limefungwafungwa mipira kama mtoto anayepelekwa barafuni, kicheko kikaanza upande mmoja kikafika upande wa pili.

"Lionel! Umesahau kuvua!"

"Mzee, ukaguzi ulishapita!"

"Rola kichwani, jamani, rola kichwani!"

Lionel alikaa wima, akapiga honi kwa kila mmoja wao, akicheka kuliko wote. Hakuwa amejivuna vile hata siku mkaguzi alipotia sahihi. Walipopita gari la Norris, Lionel aliona kwamba ubavu wake wa manjano nao umebandikwa kipande cha mpira mweusi, kimoja tu, bila sababu yoyote. Norris alikuwa akitazama mbele, uso mkavu.

Mbele ya kanisa Bi Pickersgill alishuka ngazi haraka, akainama kutazama pindo la nguo. Aliinua kichwa akiwa ameshangaa.

"Halina hata alama," alisema. "Hata ya mafuta." Kisha akalitazama gari, kwa adabu. "Ni nani aliyekumalizia, Bwana Barraclough?"

Hayley ndiye aliyejibu. Alikuwa ameshasimama chini, na kiganja chake kilikuwa kikipita juu ya ukingo ule wa ubavu, kwenda na kurudi.

"Baba yangu," alisema. "Alilijenga, na alilimaliza." Akamshika mzee wake mkono kuingia kanisani, na kwenye ngazi akamnong'oneza, "Sasa limebaki kabati."

Wiki iliyofuata Lionel alirudisha sanduku, na ndani mlikuwa na mipira mipya ya dukani na kofia mpya. Norris hakuuliza ile ya zamani imekwenda wapi, maana aliiona. Ipo mpaka leo. Ukikutana na gari lile jekundu kwenye barabara ya mlimani, upande wa dereva ni chuma kitupu kinachong'aa mpaka macho yaume, na upande wa kushoto, wa abiria, bado umevaa mipira myeusi na kofia za plastiki zilizopauka kwa jua na mvua. Vijana wa chama, wageni wasiojua, humcheka kwenye uwanja wa Kondoo Mweusi, humwambia ameacha kazi nusu.

"Upande ule si wangu," Lionel huwajibu, akaendelea na bia yake.